Bukari ya Mtu Mmoja

Mimi nilikuwa mwanamke wa kelele. Waulizeni watu wa kambi yetu ya reli hapa Élisabethville: nikicheka, nyumba ya tatu wanasikia. Kasongo, mume wangu, alinitoa Kongolo nikiwa msichana. Alipotoka kazini nilimsongea bukari, ndio ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo yenye karanga, na samaki wakavu, tukala sahani moja.

Kisha wakubwa wa reli wakampeleka kwenye treni za Sakania. Akawa mtu wa kuondoka. Anarudi amechoka, analala, anaondoka tena. Mtoto hatukujaliwa. Na kwetu mwanamke hasongi bukari ya mtu mmoja. Ukikaa peke yako mbele ya chungu, watu wanasema unamwitia mumeo kifo. Basi nikanunua mkate mweupe wa dukani, nikauchovya kwenye chai yenye sukari nyingi, na siku njema nikapaka jamu ya kopo. Asubuhi mkate, jioni mkate. Majirani wakasema nimekuwa mzungu, nami sikuwakatalia.

Usingizi ndio ulionikimbia kwanza. Kisha huzuni ikaingia bila sababu. Ninafagia, machozi yanashuka. Shingo na mikono vikawa vyeusi, ngozi ikababuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka. Tumbo likaharisha mpaka nikaona haya kwenda mbali na nyumba. Hata Kasongo aliporudi nikampikia, mimi sikuwa na hamu tena ya kula. Mwisho nikaanza kuongea na viatu vyake vya zamani, vilivyokuwa chini ya kitanda. Nilivisimulia habari za siku. Wakati mwingine vilinijibu.

Wifi yangu alikuja kututembelea, akanikuta katika maongezi hayo. Akamwambia kaka yake mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti:

"Muke yako iko na wazimu. Umurudishe kwabo. Tutakutafutia mwingine."

Kasongo akatazama ukuta. "Nitamupeleka yenga hii," akasema.

Niliogopa sana. Wiki hiyohiyo! Niliondoka kwa mama yangu nikiimbiwa, na sasa ningerudi nikiongozwa mkono kama kichaa.

Mama Ngoie, jirani yetu, ndiye aliyemsimamisha mume wangu mlangoni. "Kwanza umupeleke ku hospitali. Kongolo haitakimbia."

Hospitalini mtawa muuguzi alinigeuza mikono, akatazama shingo na ulimi.

"Mama, unakulaka nini?"

"Mukate na chai, Sista."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kisha akamgeukia Kasongo. "Haina bulozi, haina wazimu. Njo njala. Mukate inajaza tumbo tu. Mwili yake inakosa samaki, nyama, karanga, maharagi. Kichwa nayo inakulaka, baba."

Daktari akautaja ugonjwa, pelagra, akanilaza. Nikapewa vidonge, maziwa, mayai na maharagwe. Tumbo lilitulia kwanza, kisha usingizi ukarudi, ngozi ikafuata polepole. Asubuhi moja nilikumbuka vile viatu, nikajua ni viatu tu. Nikacheka, kisha nikalia, maana nilikuwa nimevizoea.

Kasongo alinirudisha nyumbani kwetu, si Kongolo. Wifi hakuomba radhi, ila alileta karanga.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sista, na Mama Ngoie, ambaye sasa amehamia Katuba. Sitawadanganya kwamba upweke nao ulipona. Kasongo bado yuko kwenye treni, na nyumba bado ni kimya. Lakini ninyi mnaobaki peke yenu, msijinyime chakula cha kweli kwa kuogopa midomo ya watu. Mimi kidogo nipoteze akili na nyumba.

Jana nilisonga bukari ndogo, ya kuenea kiganjani, na samaki wakavu kando yake. Jirani mpya akachungulia.

"Mama, unangojea nani?"

"Hakuna muntu," nikamwambia. "Iko yangu."

Nikanawa mikono, nikala.