Kikapu cha Akamwani

Mdogo wangu hakuwa mgonjwa alipoanza mirungi. Nasisitiza hilo kwa sababu hapa Nyakatuntu watu hudhani dawa za kulevya humharibu yule aliyekwisha kuharibika. Yeye alikuwa mzima, mtu wa mzaha, akiendesha lori la ndizi. Wenzake walimpa majani atafune asisinzie safarini. Alipoyaacha na kurudi nyumbani, alikaa kwenye kigogo kando ya migomba akitazama mikono yake.

Nimejisomea mambo haya kwa miaka, polepole. Ubongo huishi kwa sukari ya damu. Zipo dawa za kuchangamsha ambazo humpa mtu mwenye afya furaha wakati uleule ambapo sehemu nyingi za ubongo wake zinatumia sukari kidogo kuliko kawaida. Niliposoma hilo nilifunga kitabu. Kumbe uso unaweza kung'aa na ndani moto unapungua.

Mama hakuhitaji vitabu. Alimletea akamwani, buni zilizochemshwa na maganda yake na kuanikwa juani, ambazo kwetu mgeni hukaribishwa kwa kutafuna. Mgeni huchukua mbili tatu. Mdogo wangu alimaliza kikapu kizima, kisha akaingia shambani kukata majani makavu ya migomba, akiimba. Kesho yake mama alikijaza tena.

"Mama, unambadilishia dawa tu."

"Dawa gani? Babu yako alitafuna mpaka tukamzika na meno yake yote."

"Babu alitafuna mbili."

"Basi wewe msomi, mchangamshe kwa vitabu vyako."

Najua kahawa si mirungi. Nguvu yake ni ndogo. Kilichonitisha ni kwamba ilibidi kuwe na kitu cha kumchangamsha. Nilikiweka kikapu juu ya kabati, nione kama atarudi mwenyewe. Alirudi kwenye kigogo. Mama alimpelekea chakula na kurudi nacho kilivyo.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yetu mzee aliingia kutusalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sioni kikapu? Mibuni yote ile nje, au vitabu vyako vimeikataza?"

Kumnyima mgeni akamwani ni kumwambia aondoke. Mama alinitazama. Nikakiteremsha.

Mdogo wangu aliingia kutoka kwenye kigogo, akachota kiganja kizima. Baada ya muda akainua kichwa.

"Mzee, yule ng'ombe wako bado anakuzidi akili?"

"Ananizidi. Lakini wewe hakufikii hata kwa ukaidi!"

Wakacheka wote wawili. Mama alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Yupo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Unamsikia? Yupo."

Mzee alipoondoka kikapu kilikuwa kitupu. Kabla jua halijazama, mdogo wangu alianza kutueleza jambo kuhusu lori, akanyamaza katikati, akatazama mikono yake. Tulingoja amalizie. Kisha mama akainuka kwenda jikoni kubandika buni nyingine, nami nikamfuata nikamwashia moto.