Jiwe la Mjini na Kawa la Mama

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya wali uliolala. Kila jioni, nyumbani kwetu Temeke, Bibi alipakua sahani nne: yake, yangu, ya mdogo wangu Hemedi, na ya Mama. Ile ya Mama aliifunika kwa kawa la ukindu, akaiweka karibu na mlango, na asubuhi tukawamwagia kuku. Mama alikuwa amekwenda mjini kuuza muhogo siku ile, wakati wa vita vya Wazungu, manowari zilipopiga mizinga kutoka baharini. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Baba alipofia upagazini katika vita hivyo hivyo, wenzake walileta habari, tukatandika mikeka ya matanga, na siku zilipotimia tukaianua. Kwa Mama, Bibi aliikataa mikeka. "Mtu hafi hivi hivi," aliwaambia majirani. "Aje wa kuniambia nani kamwua, ndipo nitalia."

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na nilikwisha acha chuo cha Kurani ili nitwange mchele wa vitumbua vya kuuza. Hemedi alikuwa mchanga Mama alipoondoka. Hakuijua sura yake, lakini alimngoja kuliko sote. Akisikia nyayo za mwanamke njiani, huinuka. Siku moja alimfuata mwanamke asiyemjua hadi Keko, nikamrudisha mgongoni huku akinipiga ngumi. Nilitaka matanga yawekwe, si kwa kumchoka Mama, bali kwa ajili ya mtoto yule aliyekuwa akikua ameelekea mlangoni.

Ndipo watu wa mjini walipojenga jiwe la kuwakumbuka waliokufa siku ile. Serikali ya Waingereza iliwapa ruhusa kwa sharti ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja barazani: jiwe liseme watu walikufa vitani, lisiseme mizinga ilikuwa ya nani. Siku ya kulizindua, Bibi alivaa kaniki yake, akajaza mtungi mdogo maji, tukashika njia kwa miguu. Nilimwuliza maji ni ya nini, akaniambia nimshike Hemedi mkono. Lakini nilijua kwetu maji humwagwa juu ya kaburi jipya.

Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alisimama chini ya mwavuli, karani wake akitafsiri, askari wamesimama pande zote. Karani alipofika penye neno "vita," Bibi aliinuka.

"Nani aliwapiga?"

"Kaa chini, bibi," askari alinong'ona. "Usitutie matatani."

"Nimeuliza, mwanangu. Nani aliwapiga?"

Watu wazima waliangalia chini. Mimi niliangalia rungu la yule askari, kisha Hemedi aliyenishika nguo. Bibi akichukuliwa, hatukuwa na mtu mwingine duniani. Lakini mtungi ulikuwa bado umejaa, na nilijua asipojibiwa angeurudisha nyumbani vivyo hivyo. Nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Manowari za Waingereza, Bibi. Ndizo zilizomwua Mama."

Shingo zote zikageuka. Bwana Shauri akamwinamia karani, akauliza. Karani akapangusa jasho, akajibu kwa Kiingereza, maneno machache tu, na mzungu akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Kisha karani akatugeukia.

"Nimemwambia jua limemzidi bibi yenu. Haya, mama, mwaga maji yako uende zako, mie nina watoto."

Bibi akalimiminia lile jiwe maji polepole, kutoka upande wa kichwa hadi wa miguu, kana kwamba lina mtu.

"Mama yumo humu?" Hemedi akauliza.

"Hayumo," Bibi akasema. "Lakini amekufa." Ndipo akalia.

Jioni ile tulitandika mikeka. Bibi akapakua sahani tatu, na kawa akalitundika ukutani.

Siku hizi maandishi ya jiwe yamefifia, na vijana huegemeza baiskeli zao hapo. Wajukuu zangu wakiniuliza nani aliwapiga wale watu, huwajibu kwa sauti ile ile katikati ya barabara, na hakuna shingo inayogeuka. Jiwe lenyewe bado halijasema. Na Hemedi, ambaye sasa naye ni babu wa watu, akija kula kwangu huchagua mahali pa kukaa kabla hajanawa mikono. Hukaa ameelekea mlango.