Kila Mtu na Swala wa Kulia Kwake

Nakumbuka Ijumaa moja ya baridi hapa Qatar, mwanangu, na usicheke ukisikia baridi, maana nyinyi mliozoea kiyoyozi ndio wa kwanza kutafuta sweta mwezi wa kwanza ukiingia. Metro ilikuwa haijaja. Basi dogo lilituchukua Abu Hamour alfajiri, kundi la walinzi, madereva na wapishi wa hotelini, Wakenya, Waganda na Watanzania, tukapelekwa nje ya jiji kwenye shamba la tajiri mmoja. Tulimwita Arbabu, kama tunavyowaita mabosi wote huku. Kazi tuliyoitiwa ilikuwa kuhesabu swala.

Ndiyo, swala. Arbabu alikuwa amezungushia waya jangwa kubwa lenye migunga, akafuga humo swala wa rangi ya mchanga. Kila msimu wa baridi aliwagawia ndugu na marafiki zake vibali vya kuwinda, kibali kimoja swala mmoja, na vibali vilifuata hesabu. Hesabu ikiwa ya kawaida, wanawindwa madume wazee peke yao. Ikipita kiwango alichoweka, anafungua vibali vya majike pia. Na msimu huo majike wengi walikuwa na mimba.

Mimi ni mtu wa Voi. Nimekua nikifukuza wanyama wa porini wasile mahindi ya mama yangu, basi nilipofika pale nilijiona profesa. Nilisahau kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa akiwalisha na kuwanywesha swala hao kwa miaka mingi. Alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, na jicho lake moja lilitoa machozi kila upepo ulipovuma, akawa analifuta kwa ncha ya kilemba.

Alitupanga mstari mmoja mrefu, kutoka waya wa huku hadi waya wa kule, kila mtu mbali na mwenzake. Tulitakiwa tutembee polepole, swala wakisogea mbele yetu. Wakifika mwisho wa shamba na kukosa pa kwenda, hugeuka wakapenya katikati yetu kurudi walikotoka, na hapo ndipo wanahesabiwa. Kila mmoja alijaza kokoto mfuko wa kushoto. Swala akipita, kokoto moja inahamia mfuko wa kulia.

"Hesabu wanaopita kulia kwako tu," Mzee Haji akasema. "Wa kushoto wana mwenyewe."

Sheria hiyo hata mtoto angeifuata. Lakini kushoto kwangu alikuwa Mzee Haji mwenyewe, na kila nikimtupia jicho namwona anafuta lake. Nikamhurumia. Nikajiambia, huyu babu haoni, atapitwa na swala wote, na mimi nimelelewa vizuri, mzee habebi mzigo kijana akitazama. Basi swala walipogeuka na kupita kati yangu na yeye, ambao kwa haki walikuwa wake, nikawahesabu. Na wa kulia kwangu pia nikawahesabu. Nilirudi nimevimba kwa wema, mwanangu, nikingoja tu mtu anisifu.

Hakuna aliyenisifu. Kokoto zilimwagwa kwenye mkeka mbele ya hema, zikahesabiwa, na Arbabu akapiga makofi. Kiwango kimepitwa! Wageni wake, waliokuwa wamekaa wakinywa kahawa, wakaanza kugawana kwa mdomo nani atachukua dume na nani atachukua jike. Mzee Haji hakupiga makofi. Alikuwa ameliona rundo langu likimwagika. Akanishika kiwiko, akanivuta nyuma ya gari la maji.

"Kulia kwako walipita wachache tu," akasema. "Wale wote umewatoa wapi?"

"Nilikusaidia wako, Mzee. Niliona jicho lako..."

"Nani kakutuma?"

Nikalitazama tena jicho lake.

"Hili chozi la vumbi, si la upofu. Mimi wangu nimewahesabu, na wewe ukawahesabu hao hao. Kinywa unacho, ungeniuliza. Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Akafuta jicho, halafu akasema neno ambalo hata leo likinijia nikiwa nakula, naweka kijiko chini. "Swala kapita mmoja, kwenye mkeka wamepita wawili. Risasi itamtafuta huyo wa pili. Na hayupo. Basi itampata nani?"

Nilishikwa na aibu, sikufichi, mpaka masikio yakapata moto. Nikataka nikatoe tu kokoto za ziada. Nitatoa zipi? Nilikuwa nimezichanganya zote mfuko mmoja. Ikabidi niende kwa Arbabu.

Sasa, Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha dereva: kulia, kushoto, nyoosha, simama, bei gani. Nikasimama mbele ya mabwana wale na vikombe vyao vya kahawa, nikaanza. Kulia, nikasema, nikionyesha kwa mkono. Kushoto. Nikajipiga kifua. Arbabu akadhani naulizia choo, akanielekeza. Wageni wakacheka. Nikaona nijigeuze swala, nikaweka vidole viwili kichwani, nikapita mbele yao mara moja, nikarudi nikapita tena. Wakacheka hadi kahawa ikamwagika, na mmoja wao akanizawadia tende.

Na Mzee Haji, aliyekisema Kiarabu utadhani amezaliwa nacho, alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akitazama migunga. Nilimkodolea macho, akaendelea kutazama migunga. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimesimama pale na tende yangu mkononi.

"Mzee," nikasema, "naomba unisaidie."

"Ehee! Kumbe kuomba unakujua," akasema, akaja mara moja.

Akaeleza kwa maneno machache. Hakunipaka matope, alisema tu kwamba kijana alizidisha kwa huruma. Kicheko kikakatika. Mgeni mmoja aliyekuwa ameshajichagulia jike akanung'unika kwamba hesabu ni hesabu, iachwe ilivyo. Arbabu akakiweka kikombe chake chini. Kisha akainama, akazikusanya kokoto kwa mikono yake mwenyewe, akazirudisha kwenye ndoo. Tukahesabu upya.

Loo, wenzangu! Kulikuwa na Otieno, mlinzi mmoja, aliyekuwa na mpango wa kurudi mjini mapema. "Aki umetuchoma, buda," akaniambia. "Na vile leo kuna mechi!" Siku hiyo nilibatizwa jina la Bwana Pande Mbili, na wapo watu hapa Doha ambao mpaka leo hawanijui kwa jina lingine.

Tukajipanga tena, jua limeshapanda. Safari hii nilitembea uso umeelekea kulia tu, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelalia mto vibaya. Wakapita swala wachache kulia kwangu, nikahamisha kokoto zao. Halafu nikasikia vishindo upande wa kushoto, kundi zima linapita, na upepo ulikuwa umeshika kasi. Nilijua jicho la Mzee linatiririka. Mwanangu, sijawahi kupigana na shingo yangu vile. Nikapaza sauti huku bado natazama kulia.

"Mzee! Nikusaidie?"

"Hapana!"

Nikatulia. Vishindo vinaendelea, na mimi nauma midomo. Kidogo nikasikia tena.

"Kijana! Vumbi limeniingia macho yote mawili! Nishikie hao wa mwisho, kuanzia yule mwenye sikio lililochanika!"

Niligeuka upesi kuliko askari kwenye gwaride. Nikawahesabu wale wa mwisho, na walipokwisha kupita nikamwendea Mzee nikampa kokoto zao mkononi. Sikuzitia mfukoni mwangu hata moja. Alizipokea akicheka huku macho mekundu, akasema, "Sasa umenisaidia."

Hesabu haikufika kiwango. Vibali vilitoka vya madume wazee tu, na mgeni yule aliyenung'unika akachukua chake kimyakimya. Majike walibaki na mimba zao. Joto lilipoanza kurudi, Mzee Haji alinipigia simu kuniambia wamezaa, na nilipomuuliza watoto ni wangapi alicheka mpaka akakohoa.

Haya, mwanangu, sasa mzee ni mimi. Nyinyi vijana wa pale Al Mansoura mna mioyo mizuri, nakula chakula chenu na najua ninachosema. Lakini juzi mlikaa mkakubaliana kwamba Mzee amechoka, mkamwendea msimamizi wa madereva, mkamwambia safari za uwanja wa ndege apewe mtu mwingine nipumzike. Mimi nikaja kusikia mwisho, kama mgeni kwenye nyumba yangu. Mlinitakia mema, na iliniuma. Safari zile ndizo zinazonifanya nivae shati la pasi na kujiona bado ni mtu kazini.

Kwa hiyo shika hili. Kumheshimu mzee si kumwamulia. Ukimwona mtu anafuta jicho, usimhesabie swala wake kimoyomoyo halafu ukajiita mwema. Muulize, kuuliza si ujinga. Akikataa, kaa upande wako na ufanye kazi yako vizuri, kwa sababu hiyo nayo ni msaada. Akikubali, nenda mbio, na kilicho chake mrudishie mkononi. Na wewe ukikwama usione haya kuomba, usije ukaonekana unacheza ngoma mbele za watu na wa kukutolea maneno yuko pembeni anangoja umwite. Mimi siku macho yangu yakigoma nitawaita mwenyewe, na mkichelewa nitawakaripia.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe riziki isiyomdhulumu mtu wala mnyama, akupe na wazee wa kukukanya ungali na masikio ya kusikia. Na siku mgongo wako utakapoanza kupinda, akujalie kijana atakayekuuliza kwanza. Amina.