Barafu ya Wifi Maappa

Mimi Ogdo nina wivu, sifichi. Na wivu wangu una jina: Maappa, dada wa mume wangu, tunayepakana naye ua kwa ua.

Miaka kumi iliyopita nilikata misonobari yote uani kwangu, nikakwangua na yale majani mororo yanayofunika udongo, ili nipande viazi. Uwanja ukapendeza. Wa Maappa ulibaki kichaka, nami nikamcheka mbele za watu: wifi, unafuga dubu humo? Akacheka na yeye, yakaisha.

Haya. Jua likaingia kwenye udongo wangu, na ardhi ya huku kwetu kaskazini, iliyoganda kwa chini tangu enzi za mababu, ikaanza kuyeyuka. Uwanja ukaota vinundu na mashimo, nyumba ikainama hata mlango haufungiki. Mwaka juzi ghala la chini ya ardhi alilolichimba baba mkwe kwa shoka likajaa maji. Nyama ya farasi ikaoza, na barafu ya kunywa tuliyoikata ziwani Novemba ikapotea yote. Tangu hapo kiangazi tunakunywa maji ya pipa, yananuka kutu.

Ghala la Maappa, chini ya kivuli cha kile kichaka, kavu. Mwezi wa saba barafu yake iko vilevile, ya bluu, haijatoa jasho. Na Uybaan, mume wangu mimi, kila jioni kiguu na njia kwa dada yake. Anarudi anajilamba midomo, eti chai ya barafu ile ndiyo chai. Roho iliniuma, jamani, acheni tu.

Wiki ya kukata nyasi, Maappa na wanawe walihamia ng'ambo ya ziwa, na Uybaan pamoja nao. Mimi nilisingizia mgongo. Siku ya kwanza, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, nikaenda kwenye ghala lake. Nikafungua mlango wa juu, nikashuka ngazi, nikafungua na wa chini. Nikaiacha wazi siku tatu.

Waliporudi, ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka na matope yamefika magotini. Udongo wa kwetu ukishalainika hivyo, ghala ndiyo basi tena. Wanawe wakasema ni mbwa, mara ni upepo. Maappa akashuka humo mwenyewe. Alitoa vipande vya barafu vilivyosalia, havikuzidi kumi na viwili, akavigawa mafungu mawili, na fungu moja akaniletea kwa toroli.

Akaingia jikoni kwangu, akayeyusha kipande, akateleka birika mwenyewe, akatia na maziwa. Mimi nimekaa tu.

"Wifi," akaniambia taratibu, "ile milango ni mizito. Upepo hauiwezi."

Uso ulikuwa unaniwaka moto.

"Kunywa basi. Ndiyo barafu ya mwisho hii, kwako na kwangu."

Nilitaka kumwomba radhi, ulimi ukagoma. Nikanywa. Ilikuwa tamu kuliko alivyokuwa akisifu Uybaan. Nikamtazama mwanamke yule aliyepoteza ghala lake kwa mkono wangu, anapuliza chai yake kwa utulivu, na wivu ukanipanda upya, sasa nikauonea moyo wake. Nikamsogezea kikombe anijazie tena.