Kaseti ya Kwaya

Miaka ya tisini nilikuwa nanakili kaseti za video katika duka moja la Busia, hatua chache kutoka mpakani. Nilikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya: moja inacheza, nyingine inarekodi.

Mama mmoja wa Bukhayo aliniletea kipindi cha kwaya ambacho shemeji yake anayeishi mbali alimrekodia kutoka kwa televisheni. Binti yake aliimba mstari wa mbele, na sasa binti huyo alikuwa marehemu. Mama alitaka nakala, ili moja ikiharibika abaki na nyingine.

Kaseti yake ilikuwa imevunjwa kile kijino cha plastiki cha mgongoni, ili mashine ikatae kurekodi juu yake. Lakini sisi tuliotumia kaseti kuukuu tulizoea kuziba tundu hilo kwa selotepu, na mimi, mjinga mkubwa, niliziba hata la kwake bila kufikiri. Kisha nikaziingiza kinyume, kaseti tupu ikarekodiwa juu ya ile ya mama. Nilipozijaribu, zote mbili zilionyesha chenga tu, hakuna picha wala wimbo.

Alirudi siku ya soko. "Imetoka vizuri, mwanangu?"

"Imetoka vizuri sana, mama."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua nyumbani kwake hakuna umeme wala televisheni. Alizifunga zote mbili kwenye leso, akanibariki, akasema atazitunza mpaka stima ifike kwao.

Juzi nilipita Bukhayo. Stima imefika.