Skrubu ya Redio ya Shangazi

Mlio wa kaseti ya kompyuta ni kitu kibaya. Huanza kwa sauti moja nyembamba inayovutwa bila kupumua, ikakatika, kisha ukaja mkwaruzo wa kasi kama bati linaloburuzwa juu ya saruji, na mkwaruzo huo huendelea dakika tano nzima, mchezo ukiingia kwenye kompyuta, huku mistari ya rangi ikipigana pembeni mwa kioo cha televisheni. Siku hizi kuna watu wazima, wengine wana mvi, wanaokutana mitandaoni kuusifia. Wanatafuta kaseti zao za zamani, wanazipakia kwenye emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ile ya enzi zao, halafu wanaandika kwamba machozi yamewalenga kwa utamu wa utoto. Mimi nikiusikia mlio ule natafuta mlango. Kazi hiyo ya emuleta nimeifanya mara moja tu, mwaka jana, na niliifanya kwa chuki. Nitaeleza kwa nini, na sina nia ya kumpendezesha mtu.

Tulikuwa tunakaa Bungu, kando ya barabara, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika: mitumba, sabuni za rangi, betri za majina tusiyoyajua. Baba mdogo Seifu, ndugu yake marehemu baba yangu, alikuwa na kibanda cha video cha makuti chenye jenereta iliyonuka petroli mpaka kwenye nguo zetu za shule. Alikuwa mtu wa kujipenda. Pilau ikipakuliwa yeye hupakua kwanza, na nyama hukaa upande wake. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ndogo nyeusi, yenye vitufe laini kama pipi za mpira, aliyoikuta ndani ya robota la mitumba pamoja na mfuko wa kaseti za michezo. Haikuwa na kioo chake wala mahali pa kutia kaseti. Kioo kilikuwepo, televisheni ya kibanda. Cha kuchezea kaseti hakuwa nacho, kwa hiyo akaenda kuazima redio kaseti ya dada yake, akasema ni kwa siku mbili, akawa anaichukua kila asubuhi na kuirudisha jioni kana kwamba ni mali yao wote wawili.

Dada yake huyo ndiye Shangazi Mwanahawa, aliyenilea mimi tangu baba alipofariki. Shangazi alilima mpunga Salale, kule kwenye delta. Msimu ukifika alipanda mtumbwi na magunia yake, akaenda kuishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akifukuza ndege mchana kutwa mpaka sauti inamkauka. Alirudi na mchele, na kambamiti waliokaushwa, na mikono iliyopasuka. Redio ile aliinunua kwa jasho hilo. Jioni aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikiliza kaswida huku akichambua mchele, na hakuna aliyethubutu kumwambia aizime.

Kompyuta ilikataa kusoma kaseti zile. Baba mdogo aliipiga makofi, akaitukana, akailaumu jenereta. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye niliyeona kwamba kando ya hedi ya redio, kile chuma kidogo kinachogusa mkanda, kuna skrubu ndogo, na ukiizungusha robo tu mlio unakuwa mkali zaidi na mchezo unapanda. Kaseti zile zilirekodiwa kwa mashine za watu wengine huko Ulaya, na hedi yetu ilikuwa haijakaa kama zao. Ubaya wake ni kwamba ukishaizungusha, kaseti za nyumbani zinafifia. Kaswida ya shangazi ilitoka kama msomaji amejifunika godoro. Kwa hiyo nikakwaruza alama kwa pini, na kila jioni kabla redio haijarudi nyumbani niliirudisha skrubu kwenye alama yake. Baba mdogo aliwaambia wateja kwamba yeye ndiye mtaalamu. Mimi nilikuwa fundi wake na sikutajwa, lakini nilikuwa na bisibisi mfukoni na nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka huohuo babu, baba yao, aliletwa kutoka Salale akiwa mgonjwa. Alipoona hatapona, alimwita shangazi chumbani jioni moja na redio yake, akasema maneno yake kwenye kaseti, akataka yapigwe mbele ya shehe siku ya arobaini yake. Kesho yake jioni shangazi aliijaribu, nami nilikuwa nimekaa naye mkekani. Sauti ilikuwa dhaifu lakini kila neno lilisikika. Babu alisema shamba la Salale alishampa Mwanahawa tangu mwaka wa mafuriko, alipolifufua peke yake, na kwamba Seifu naye alishapewa chake, mtaji wa jenereta. Nilipoinua macho nilimwona baba mdogo amesimama mlangoni. Akageuka, akaenda zake.

Siku ya arobaini asubuhi alichukua redio kama kawaida, akasema ajaribu mchezo mmoja kabla ya watu kufika. Nikazungusha skrubu, mchezo ukapanda, nikacheza. Adhuhuri ilipokaribia nikatoa bisibisi.

"Iache hivyohivyo," akasema.

"Baba mdogo, leo itapigwa kaseti ya babu."

"Nimesema iache. Likizo hii yote ufunguo wa kibanda utakaa kwako. Cheza weye peke yako mpaka uchoke."

Ningependa kusema sikuelewa. Nilielewa. Lakini nilikuwa nimefika chumba cha tisa cha mchezo ule, ambako hakuna mtu Bungu nzima aliyewahi kufika, na nilikuwa nikiota vyumba vilivyobaki. Nikarudisha bisibisi mfukoni.

Hitima ikasomwa, watu wakala, kisha wakabaki shehe, wazee wanne wa ukoo na sisi wa nyumbani. Shangazi alikuwa amevaa kanga mpya. Akatia kaseti, akabonyeza. Kilichotoka kilikuwa mvumo, mtu anayenung'unika nyuma ya kuta mbili. Akaongeza sauti, na mvumo ukaongezeka. Mtu akaenda dukani kuleta betri mpya, na betri mpya hazikusaidia kitu. Shehe aliinama mpaka kofia yake ikakaribia kugusa redio. Shangazi akaanza kuyasema maneno ya babu kwa kinywa chake, moja baada ya jingine, na baba mdogo akamkata: "Hayo unayasema weye, dada. Mzee mbona hatumsikii?"

"Bi Mwanahawa," shehe akasema kwa upole, "mie siwezi kuhukumu kwa nisichokisikia. Yupo mwingine aliyeisikia?"

Shangazi akageuka kwangu. Uso wake ulitulia, kwa sababu alijua yupo mtu. "Mwanangu, weye ulikuwepo. Waambie tu kama ilisikika."

Baba mdogo hakunitazama hata kidogo. Alikuwa akichokonoa meno. Nikasema, "Sikumbuki."

Basi shamba likagawanywa kwa mafungu ya mirathi, mawili ya mwanamume na moja la mwanamke. Mwenye mawili akachagua kwanza, akachukua upande wa maji matamu, akauuza kabla mwaka haujaisha. Upande wa shangazi ulikuwa ule unaoingiwa na maji ya chumvi bamvua likija, na baada ya misimu miwili mpunga ulikataa kabisa. Hakwenda Salale tena. Akawa anasuka mikeka na kuiuza barabarani, akivuta vumbi la malori. Kaseti yenyewe alitukabidhi mimi na baba mdogo kwa mkono wake. "Chukueni, haina kitu," alisema. Baba mdogo akairekodia mchezo juu yake. Mimi nilipewa ufunguo kama nilivyoahidiwa, nikacheza likizo yote, nikafika chumba cha mwisho. Hakikuwa na lolote. Kilikuwa kama vile vingine, rangi tu ndiyo iliyobadilika.

Mwaka jana baba mdogo, sasa mzee wa Kibiti mwenye fimbo na macho mabovu, alinitumia ule mfuko wa kaseti na ujumbe kwamba anataka kuiona tena michezo yetu. Yetu, alisema. Ndugu wakanishika: huyo ndiye baba yako aliyebaki, mfurahishe. Nikazihamisha kaseti zote, ikiwemo ile ya babu, ambayo shangazi aliitia alama kwa wanja. Hiyo niliisikiliza mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Ni mkwaruzo mtupu. Nikaenda Kibiti na kompyuta ya mkononi, nikampakilia mchezo kwa sekunde mbili, bila jenereta, bila mlio, akacheka kama mtoto na kugonga vitufe ovyo. Nikamwacha acheke kidogo, kisha nikamwambia nilichokaa nacho miaka yote: kwamba alimdhulumu dada yake, kwamba ni mwizi, kwamba sitakuja kumzika.

Hakukasirika. Aliendelea kutazama kioo. "Mie nilikwambia tu uiache," akasema. "Aliyeulizwa na shehe alikuwa nani?"

Nilifunga kompyuta, na nikiwa barabarani nikaifuta ile emuleta. Wenzangu wa mitandaoni wanaipenda kwa sababu inakuruhusu kurudi nyuma: ukikosea unabonyeza, unajikuta tena palepale kabla ya kosa, mara mia ukitaka. Wakati ule mtu alikuwa na nafasi moja tu, na mimi nilipewa mbili mchana mmoja. Bado namchukia baba mdogo, na sina mpango wa kuacha, maana nikiacha nitabaki na nani? Shangazi alifariki miaka mingi kabla ya safari hiyo ya Kibiti. Hakuwahi kumlaumu mtu. Mpaka mwisho aliamini kosa lilikuwa lake, kwamba siku ile chumbani aliiweka redio mbali mno na mdomo wa baba yake, hata sauti ikachujuka kwenye mkanda kabla ya arobaini, na alinieleza hivyo tena wiki ya mwisho, mimi nikiwa nimemshikia kikombe cha uji. Nilimwambia anywe kabla haujapoa.