Jitambulishe Kabla Hujala: Kwa Anayevuka Kagera

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa napalilia, huacha jembe nikasimama. Ni siku niliyoona mtu mwema akifungwa kamba uani kwake kwa sababu yangu, nami nimesimama hatua tano kutoka kwake, mdomo nimeufunga. Kwa kuwa wiki ijayo unavuka kwenda Uganda, nimeona nikuandikie kabla hujafunga mzigo.

Vita vyetu na Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini si zamani. Watu wa pande zote mbili walikuwa wameanza tena kuvuka Mto Kagera kusalimiana, maana ndoa zetu na zao hazijui mpaka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba hapa Bugomora, Kyerwa, kijana mwenye haya kiasi kwamba nikitumwa chumvi kwa jirani nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kupiga hodi. Dada yangu alikuwa anaolewa, na kwetu harusi haiendi bila shangazi. Baba akanituma ng'ambo kwa dada yake aliyeolewa kule, nimwite.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kamara, aliniandikia barua: jina langu, jina la baba, ninakokwenda, na kwamba nitakaa siku saba. Ikagongwa muhuri wa kijiji. Aliponipa alinishika mkono.

"Ukifika kule usile kabla hujajitambulisha," akasema. "Barua hii mpe mkubwa wao kwa mkono wako mwenyewe. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Masikio yalisikia kweli. Miguu ndiyo haikusikia.

Askari wa upande wetu aliisoma pale mvukoni, akanirudishia, mtumbwi ukanivusha. Njia ya kwenda kwa shangazi ilipita mbele ya ofisi ya chifu wao wa kijiji. Nje palikuwa na benchi ndefu, na wanaume kama kumi wamekaa wanacheka. Mwanangu, niliwaona wale watu kama simba kumi. Nikajiambia kesho nitarudi na mwenyeji wangu. Nikaacha njia, nikapita migombani nimeinama kama mwizi wa ndizi.

Na nikuambie jambo linalotudanganya sisi wa mpakani. Nilipowasikia njiani wakisalimiana "Oraire ota," nilielewa bila mkalimani, maana kwetu nasi huulizana hivyohivyo umelalaje. Migomba yao ni kama yetu, kahawa yao kama yetu. Nikaona sipo ugenini, nipo kijiji cha pili. Lakini lugha moja si serikali moja.

Shangazi alinipokea kwa vicheko. Mume wake, Mzee Petero, akaniletea buni za kutafuna katika kikapu kidogo, kama desturi inavyotaka kwa mgeni. Huyo mzee alikuwa na heshima ambayo uzito wake sikuujua. Ndugu zetu wote waliovuka, wengine bila barua kabisa, chifu aliwapokea kwa neno lake tu. Mzee Petero akisema huyu ni wetu, yamekwisha.

Akaniuliza taratibu, "Umepita kwa chifu, mwanangu?"

Buni ilikuwa mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikukusudia kumdanganya. Niliona haya kusema sikupita, kwa sababu angeinuka palepale anipeleke kwenye ile benchi. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi hata ulimi sikuutumia, nilijikwaa kichwa.

Siku ya tatu asubuhi chifu alikuja mwenyewe na wanaume wanne. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba kwa Petero kuna kijana hawamjui, amevaa koti la askari. Ni kweli nililivaa. Baada ya vita makoti yale yaliuzwa mnadani kwetu, na kijana asiyekuwa nalo alionekana mshamba. Sikufikiri kwamba kwa watu wa ng'ambo, ambao bado walikuwa wanaogopa wenye bunduki waliojificha vichakani, koti lile si urembo.

Chifu hakuja kwa ukali. Alisalimia vizuri, akafungua daftari lake.

"Petero, nimekula kwako mara ngapi?" akasema. "Jina la mgeni wako humu halimo."

Mzee Petero akacheka. "Basi karani wako alisinzia. Kijana amepita kwako, ameniambia mwenyewe. Naapa mbele ya hawa wote."

Niliposikia neno "naapa," nilipeleka mkono kwenye mfuko wa suruali. Hapo ndipo ningesema. Barua ilikuwa humo, imekunjwa mara nne. Nikatazama chini. Chifu akamwambia kwamba karani hakusinzia, kwamba siku niliyofika nilionekana nikikatiza migombani, na kwamba mwenye kuficha mgeni ndiye hujibu kwanza, atakwenda kujieleza kwa askari wanaokaa barabara kuu, mgeni abaki hapo mpaka aitwe. Wakachukua kamba ya mgomba iliyokuwa pale uani, aliyoisokota mzee mwenyewe, wakamfunga mikono kwa nyuma. Mtu mwenye mvi, mbele ya mkewe na wajukuu.

Walipokwisha kutoka, shangazi alinigeukia. Hakulia.

"Mtoto wa kaka yangu, ulipita au hukupita?"

"Sikupita."

"Basi kimbia. Wakimfikisha barabara kuu sijui kama nitamwona tena."

Nilikimbia, koti nikalitupa njiani. Niliwakuta wamefika ofisini, na ile benchi imejaa. Nikasimama mbele yao wote, nikamnyooshea chifu barua kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo kwamba mzee hakujua lolote, mimi ndiye niliyemdanganya. Chifu alisoma, akahesabu siku kwa vidole, akasoma tena. Mmoja kwenye benchi akauliza kama huko Tanzania tunazaliwa bila ndimi. Wakacheka.

Wakamfungua. Nilidhani yamekwisha. Ndipo chifu akamwambia, bila hasira, "Petero, nakuachia. Lakini umeniapia jambo ambalo si kweli, na watu wamesikia. Kuanzia leo neno lako peke yake halinitoshi. Mgeni wako akija, lete mashahidi wawili."

Mzee Petero alikuwa anajisugua vifundo vya mikono. Akaacha. Uso wake, mwanangu, hata wakati wa kamba haukuwa vile.

Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawakuniona mimi. Shangazi hakuja harusini. Alisema hawezi kumwacha mumewe na aibu ile peke yake. Na hadi mzee anafariki, ndugu zetu wa Kyerwa wakivuka walisimamishwa mpaka mashahidi wawili wapatikane, naye akisimama kando kama mtu asiyejulikana kijijini kwake. Mimi hakunigombeza hata siku moja. Ningependa angenigombeza.

Basi sikiliza. Siku hizi kuna hati za kuvukia na ofisi kubwa, lakini jambo ni lilelile. Karatasi iliyo mfukoni haijakusaidia kitu mpaka imefika mkononi mwa anayestahili kuisoma. Ukivuka, nenda kwake kwanza, hata kama una njaa, hata kama benchi imejaa. Sema jina lako, mwenyeji wako na siku utakazokaa, na zikizidi rudi ukaseme. Nguo yoyote inayofanana na ya askari iache nyumbani. Usiloelewa, uliza. Mwenyeji akikuuliza swali, usimwitikie ili kumfurahisha, maana ataliapia jibu lako. Mficha uchi hazai, na ugenini mwenye haya hadhuriki peke yake: humponza aliyempa buni.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie mdomo mbele ya watu usiowajua, akupe wenyeji wakarimu, na akujalie uondoke kwao ukiwaacha na heshima yao nzima kama ulivyoikuta.